Trattoria za Testaccio, Roma: agiza kwa siku na msimu

Mgeni anayekula chakula cha mchana hatua chache kutoka Colosseo mara nyingi huondoka Roma akiamini kwamba sifa za chakula cha Kiitaliano zimetiwa chumvi. Tambi zimeiva hadi zimelegea, mchuzi umejaa krimu, menyu ina picha na lugha sita, na bili ina mistari ambayo hakuna aliyemweleza. Dawa iko karibu. Panda metro ya laini B, pita Circo Massimo, shuka Piramide. Ukitoka nje utaiona piramidi ya Gaius Cestius, kaburi la Mroma wa kale. Shika Via Marmorata kuelekea mtoni, na baada ya dakika kumi hivi umeshaingia Testaccio, mtaa wa trattoria, yaani migahawa ya kawaida ya mtaani. Wanaotoka Dar, Nairobi au Kampala kuja kwenye mikutano ya FAO, shirika la chakula la Umoja wa Mataifa, ndio hawana kisingizio kabisa, kwani jengo lile liko pale pale Circo Massimo, kituo kimoja tu.

Testaccio si mtaa wa kupiga picha. Ni majengo ya ghorofa yaliyowekwa kwa ajili ya wafanyakazi, na kilichoupa mtaa chakula chake ni machinjio. Yalijengwa kati ya 1888 na 1891 kwa mchoro wa msanifu Gioacchino Ersoch, yakafanya kazi mpaka 1975. Wachinjaji walipewa sehemu ya ujira wao kwa nyama ambayo wenye pesa hawakuitaka: mkia, utumbo, moyo, mapafu, maini, kichwa. Waroma huiita quinto quarto, robo ya tano, yaani kile kinachobaki ng'ombe akishagawanywa robo nne za kupeleka sokoni. Mabaki hayo yalipikwa majumbani na kwenye vilabu vya mvinyo vilivyokuwa ng'ambo ya barabara, na ndiyo mpaka leo yanayozitofautisha trattoria za hapa na za mitaa mingine ya Roma.

Nyuma ya machinjio kipo kilima cha Monte Testaccio, kama mita 35 kwenda juu, na chote ni vigae vya mitungi iliyoleta mafuta ya zeituni enzi za dola ya Kirumi, mingi kutoka kusini mwa Hispania na Afrika Kaskazini. Hewa hupita katikati ya vigae, hivyo mapango yaliyochimbwa ubavuni hubaki na ubaridi hata kiangazi, na wauza mvinyo walilijua hilo zamani. Flavio al Velavevodetto imejengwa ndani ya kilima hicho, na kupitia vioo vya ukutani unaviona vigae vilivyopangana. Checchino dal 1887, mita chache kutoka hapo na uso kwa uso na lango la machinjio, ndiyo inayotajwa kuwa chimbuko la coda alla vaccinara, mkia wa ng'ombe wa Kiroma. Perilli iko Via Marmorata tangu 1911 na inajulikana kwa carbonara ya rigatoni, tambi za mirija kwa mayai na nguruwe, katika bakuli kubwa. Felice, ya 1936, inajulikana kwa tonnarelli cacio e pepe, tambi ndefu za jibini na pilipili manga, ambazo mhudumu huzichanganya mbele yako mezani. Mwenyewe wa zamani, Felice Trivelloni, alikuwa akiweka kibao cha kuonyesha meza zote zimeshikwa, kisha anachagua kwa jicho nani akae. Siku hizi unaweka nafasi tu. Agustarello na Piatto Romano ni ndogo zaidi, na huko ndiko tungempeleka mtu anayetaka viungo vya ndani bila kuremba.

Kuhusu nafasi, usijidanganye. Chakula cha mchana huanza saa sita na nusu au saa saba, na jiko hufungwa kama saa tisa. Cha jioni huanza saa moja na nusu, na Waroma wenyewe hufika saa mbili na nusu au saa tatu. Kati ya saa tisa alasiri na saa moja usiku hakuna jiko, hata ubishe hodi vipi. Kwa siku za kazi, simu ya asubuhi mara nyingi inatosha. Kwa Ijumaa usiku, Jumamosi na mchana wa Jumapili, piga siku kadhaa kabla, maana Jumapili mchana ni zamu ya familia za mtaani, bibi na wajukuu meza moja ya watu kumi. Nyingi hufunga siku moja kwa juma, na kila moja ina siku yake. Kuzunguka tarehe 15 Agosti, sikukuu ya Ferragosto, nusu ya mtaa huwa imeshusha milango kwa wiki mbili au zaidi. Mtu wa kufika bila nafasi aende mlango ukifunguliwa tu na aseme atamaliza kabla ya saa tatu. Hapo hupata meza mara nyingi kuliko anavyodhani. Ukiingia, salimia na usubiri uonyeshwe pa kukaa. Kujikalia mwenyewe ndiyo njia ya haraka ya kuanza vibaya na mhudumu ambaye utamhitaji kwa saa mbili zijazo.

Menyu ina ngazi: antipasto ya kufungulia, primo ambayo kwa kawaida ni tambi, secondo ambayo ni nyama au samaki, contorno ambayo ni mboga, halafu kitamu. Hakuna anayekulazimisha kupanda ngazi zote. Primo na contorno ni mlo halali, na watu wawili wanaweza kula primo mbili kisha wakagawana secondo moja. Kinachowashangaza wageni wetu ni kwamba nyama huja peke yake. Ukiagiza mwanakondoo, utaletewa mwanakondoo na kipande cha limau, basi. Viazi na mboga ni mstari mwingine wa menyu na mstari mwingine wa bili. Na tambi hazisindikizi nyama kama wali unavyosindikiza kuku. Zinatangulia, zinaliwa, sahani inaondolewa.

Kabla ya kusoma menyu, kumbuka leo ni siku gani. Roma ina mpango wa juma ambao trattoria za zamani bado zinaufuata: Alhamisi ni gnocchi (vidonge vya viazi na unga), Ijumaa ni samaki, Jumamosi ni utumbo. Gnocchi za Alhamisi zimetengenezwa asubuhi ile. Za Jumatatu huenda zimetoka kwenye jokofu. Vivyo hivyo kwa msimu. Artichoki za Roma (mboga ya vitumba vya maua), zile za mviringo zisizo na miiba, ni za mwisho wa baridi na masika. Puntarelle, machipukizi machungu yanayokolezwa kwa dagaa wa chumvi na kitunguu saumu, ni za majira ya baridi. Ukiona artichoki mwezi Agosti, tafuta kinyota pembeni ya jina: kinamaanisha chakula kiligandishwa, na maelezo yake yako chini ya ukurasa kwa herufi ndogo.

Tambi za Kiroma ni nne na zina ukoo mmoja. Cacio e pepe ni jibini ya pecorino na pilipili manga. Ongeza guanciale, shavu la nguruwe lililotiwa chumvi na kuanikwa, upate gricia. Ongeza viini vya mayai juu ya gricia upate carbonara, au weka nyanya badala ya mayai upate amatriciana. Zote zinagharimu kama euro 11 hadi 16. Kwa kupima jiko, agiza cacio e pepe, maana haina mahali pa kujificha.

Sahani moja inakwenda kama gramu 100 za tonnarelli na gramu 50 au 60 za pecorino iliyokunwa laini kabisa. Pilipili hupondwa, haisagwi kuwa unga, na hukaangwa kavu mpaka inukie. Maji ya kuchemshia tambi hutiwa chumvi kidogo tu kwa sababu pecorino ina chumvi ya kutosha. Kazi yote iko kwenye dakika ya mwisho. Jibini ikikutana na maji yanayochemka, protini zake hushikana, na badala ya mchuzi unapata mabonge yanayovutika huku maji yakibaki chini ya sahani. Kinachozuia ni mambo mawili: joto lishuke kwanza, chini ya nyuzi 65 hivi, na maji yawe na wanga wa kutosha uliotoka kwenye tambi. Ndiyo maana wapishi hupikia tambi kwenye maji machache, na ndiyo maana pia jiko linalobadilisha maji ya sufuria katikati ya zamu huweza kuharibu sahani mbili tatu za mwanzo. Kundi la wanafizikia lililolipima jambo hili hadi likapata Ig Nobel ya fizikia mwaka 2025, tuzo ya mzaha kwa utafiti wa kweli, lilipendekeza wanga wa asilimia 2 hadi 3 ya uzito wa jibini. Ukiletewa, inua tambi kwa uma: mchuzi ushike kila uzi, chini pawe pakavu. Kisha kula mara moja. Ukianza kupiga picha, dakika tano zikipita mchuzi umeganda, na hilo si kosa la mpishi.

Carbonara ina mtego tofauti. Viini vya mayai, kimoja kwa mtu na pengine yai zima moja kwa meza ya wanne, hukorogwa na pecorino pembeni, kisha humwagwa juu ya tambi sufuria ikiwa imeshaondolewa motoni. Moto ukiwa mkali mayai yanakuwa ya kukorogwa, yale ya kifunguakinywa. Ukiwa mdogo mno yanabaki mabichi na yanateleza. Iliyopikwa vizuri ni ya njano iliyokolea, nzito kidogo, na vipande vya guanciale vikitafunwa vinavunjika kwa nje na kuyeyuka ndani. Krimu haina kazi hapa. Palipo na krimu, jiko linaogopa kufanya makosa mbele ya watalii.

Neno kuhusu uivaji. Tambi za Roma huja na ugumu kidogo katikati, na rigatoni hasa zitakupa kazi ya kutafuna. Kurudisha sahani jikoni ukidai haijaiva ni kupoteza muda, kwa kuwa itarudi na mchuzi uliokatika. Asiyependa hivyo aseme wakati wa kuagiza: "ben cotta". Watanuna kidogo na watafanya.

Sasa robo ya tano yenyewe. Aliyekulia kwenye supu ya utumbo ana faida kuliko watalii wengi, maana haogopi anachokiona. Trippa alla romana ni utumbo uliochemshwa, ukakatwa vipande vyembamba, ukapikwa katika nyanya na kumaliziwa kwa pecorino na mnanaa wa porini. Ila ajiandae kwa upole wake. Utumbo wa buchani Italia huuzwa umeshasafishwa mpaka ukawa mweupe na umeshachemshwa, kwa hiyo ile harufu ya supu ya asubuhi haimo, na limau haliletwi. Pilipili ya mafuta ukiomba utapewa. Wakati mwingine utumbo huu hulainishwa mno mpaka unakosa mkato, na hiyo ndiyo kasoro ya kawaida kuliko ugumu.

Coda alla vaccinara ndiyo sahani ya kuagiza kama unaagiza moja tu. Mkia hukatwa kwenye viungo vyake, si kwa msumeno katikati ya mfupa, hukaangwa kwenye mafuta, kisha huchemka polepole kwenye nyanya na mvinyo kwa saa tatu, nne au zaidi. Seleri nyingi huingia mwishoni, na majiko ya kizamani huongeza zabibu kavu, njugu za msonobari na kakao kidogo isiyo na sukari, isiyotambulika kinywani ila mchuzi unakuwa mweusi na wenye kina. Jiko zuri huupika jana yake, mafuta yakaganda juu usiku na kuondolewa. Ukiona tabaka la mafuta ya rangi ya chungwa linaelea, ujue umepikwa leo kwa haraka. Nyama iachie mfupa kwa kuguswa na uma; kilichobaki kwenye vifundo kinaliwa kwa mkono, na hakuna atakayekutazama. Bakiza mkate wa kufutia sahani.

Pajata ni ya wenye moyo. Ni utumbo mwembamba wa ndama anayenyonya bado, haukamuliwi, na maziwa yaliyomo huganda yakipikwa yakawa kama jibini laini yenye uchachu. Hufungwa vipande vya duara na kuchanganywa na rigatoni na nyanya. Wakati wa hofu ya ugonjwa wa kichaa cha ng'ombe, Umoja wa Ulaya uliuzuia utumbo wa ng'ombe mwaka 2001, na kwa miaka mingi wapishi walitumia wa mwanakondoo. Ruhusa ilirudi 2015. Coratella, yaani moyo, mapafu na maini ya mwanakondoo pamoja na artichoki, ni rahisi zaidi kuikubali na kwa maoni yetu ni tamu zaidi, ila iwe masika.

Waislamu, na yeyote asiyekula nguruwe, wasome hapa kwa makini. Kati ya tambi nne, tatu zina guanciale. Saltimbocca ina paja la nguruwe juu ya nyama ya ndama. Mkia mara nyingi huanza kwa kukaanga mafuta ya nguruwe, na una mvinyo. Hata maharage na pasta e ceci, ya dengu nene, huweza kutiwa kipande cha guanciale ili kunukia. Cacio e pepe haina nyama, lakini pecorino romano hugandishwa kwa kimeng'enya cha tumbo la mwanakondoo, na nyama ya ng'ombe au kondoo ya trattoria hizi haijachinjwa kihalali. Kila mtu ana mpaka wake, muhimu ni kuuliza kwa jina, "c'è guanciale?", kwa sababu mhudumu ukimuuliza kama chakula "kina nyama" anaweza kujibu hapana kwa moyo safi. Asiyetaka wasiwasi atembee kando ya mto kama nusu saa mpaka mtaa wa Wayahudi, Via del Portico d'Ottavia. Migahawa ya kosher huko haina nguruwe kabisa, na ndiko kwenye artichoki za kukaangwa nzima, alla giudia, majani yakiwa yamefunguka na kukatika mdomoni.

Bili. Sheria ya mkoa wa Lazio ya 2006 inakataza kutoza coperto, ile ada ya kukaa mezani iliyozoeleka miji mingine ya Italia. Kinachotozwa Roma ni mkate, "pane", euro 1.50 hadi 3 kwa mtu, na kwa kuwa ni chakula unaweza kuukataa ukifika. Ukiumega, umeununua. "Servizio" ya asilimia 10 au zaidi inaruhusiwa tu kama imeandikwa kwenye menyu. Trattoria za mtaani kwa kawaida hazina. Bakshishi si deni, na euro moja au mbili kwa mtu, au kuacha chenji, ni heshima tosha. Mahali pa kuumizwa hasa ni bei za "all'etto", yaani kwa kila gramu 100. Samaki wa euro 6 anaonekana rahisi mpaka apimwe gramu 600 na kuwa euro 36. Omba aonyeshwe na apimwe kabla ya kupikwa. Vyakula ambavyo mhudumu anavitaja kwa mdomo tu navyo vina bei, nawe uliza.

Kwa makadirio, watu wawili wakigawana antipasto ya euro 10, wakala tambi mbili za 14, mkia mmoja wa 20, mboga za 7, nusu lita ya mvinyo wa nyumbani kwa 7, maji 3 na mkate 4, wanalipa 79. Checchino hupita hapo. Kadi lazima ikubaliwe, na tangu 2022 mfanyabiashara anayekataa hutozwa faini. Bili haiji mpaka uiombe, hata ukikaa hadi viti vipinduliwe. Wanaona ni utovu wa adabu kumfukuza mtu mezani.

Mvinyo wa nyumbani, mara nyingi mweupe wa vilima vya Frascati, ni wa kunyweka na si zaidi. Vitamu visikuzuie, tiramisu ya wastani imejaa kila mahali. Kahawa ni espresso. Ya maziwa baada ya mlo watakuletea, lakini utakuwa umewachekesha jikoni.

Aliyekosa meza aende mchana, si Jumapili, kwenye soko la Testaccio, lililohamishiwa mkabala na machinjio ya zamani mwaka 2012. Kuna vibanda vinavyouza mkate wenye allesso, nyama ya ng'ombe iliyochemshwa kwa saa nyingi mpaka ikachambuka, kwa euro chache. Muuzaji huchovya mkate ndani ya supu ya nyama ile kabla ya kuujaza, na ukitaka huongeza majani ya chikoria yaliyokaangwa kwa kitunguu saumu na pilipili. Fika kabla ya saa saba, maana nyama ikiisha hawapiki nyingine, na ule umeinama mbele, kwa sababu supu hutiririka mpaka kwenye viwiko.